Nilikushika Miguu

Masika, mwanangu,

Leo mchana nilikwambia kwamba unanitia kinyaa. Nililisema neno hilo mbele ya shangazi yako na mbele ya mwanao, kisha nikatoka nikaenda kusimama nyuma ya nyumba, karibu na rundo la maganda ya viazi, kama mtu aliyekwenda kutapika. Sasa unafunga mizigo, macho yamekuvimba, na kila nikipita mlangoni unajifanya unatafuta kitu chini ya kitanda. Kesho mnaondoka. Sitaki uende Mutwanga kwa wakwe zako na neno lile.

Mambo ya safari siyaandiki. Mama yako amekwisha kuyasema yote, ya gari la hapa Butembo mpaka Beni na ya pikapu ya kutoka Beni, na namna ya kufunga mfuko wa unga usimwagike. Ameyasema mara tatu. Mimi nataka kukueleza kinyaa kile kilikuwa cha nani, maana hakikuwa chako.

Paluku ana miezi saba. Tangu mwezi uliopita unamwekea buyi, uji wake wa unga na soja, mdomoni naye anaisukuma nje kwa ulimi, anafunga kinywa, anageuza kichwa. Ziwa analitaka, kijiko hakitaki. Unaogopa kufika kwa mama mkwe wako na mtoto ambaye mashavu yake hayajajaa, naye aseme mwanawe mwalimu ameoa msichana wa mjini asiyejua kulisha. Kwa hiyo ukamwita dada yangu Kahambu aje akufundishe kumnywesha kwa mkono kabla hujaondoka. Akaja na kikombe chake. Ukamlaza mtoto mapajani, kichwa kimeshuka kidogo, kisha ukanigeukia mimi niliyekuwa nashona barazani, ukasema kwa upole kabisa, "Papa, mutusaidie. Mushike miguu yake."

Hukujua unamwomba nani.

Wewe nawe ulikuwa na umri kama huo. Ulipotimiza miezi sita mama yako alirudi kwenye biashara yake ya mafuta ya mawese. Siku tatu kwa juma alikuwa anaondoka alfajiri kwenda Beni, anarudi na madumu yake jua likizama. Cherehani yangu ilikuwa hapa hapa nyumbani, basi ikaonekana ni jambo rahisi: baba anashona, mtoto yuko kwenye mkeka, na mchana anampa buyi. Wewe ulikuwa mtoto wetu wa kwanza. Nilikubali bila kufikiri, kama mtu anayekubali kumwangalizia jirani kuku wake.

Unanijua mimi na kinyaa changu. Mnanicheka nacho. Mtu akikohoa karibu na sahani yangu, nimeshiba. Kamasi sizitazami. Enzi hizo nilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu nilikuwa nashona magauni meupe ya komunyo ya kwanza na nilikuwa naosha mikono kila mara kama daktari. Halafu nikapewa mtoto ambaye kila nikimwekea kijiko anarudisha kitu kile kile, kimechanganyika na mate, kinateremka kidevuni, kinaingia kwenye mikunjo ya shingo, kinakauka humo na kunuka. Nilikuwa naukwangua mdomo wako kwa ncha ya kijiko baada ya kila tone. Nilikuwa nakulisha huku nimegeuza uso pembeni. Masika, nilikuwa nashika pumzi ili nisisikie harufu.

Na harufu ilikuwepo, sikuiota. Mama yako alinifundisha kuipika buyi mpya kila mara, unga kidogo, ichemke mpaka soja iive vizuri. Mimi niliona huo ni upuuzi wa wanawake. Nilikuwa naipika yote asubuhi, haraka, naijaza kwenye termosi, na mchana namimina ile ile. Niliifanya nyepesi ili ishuke upesi. Kufika saa nane ilikuwa imechacha, maji maji, na soja mbichi inanuka majani. Sikuwahi kuionja. Siku nilipokuja kuionja, mambo yalikuwa yamekwisha kuharibika, nami niliitema palepale kwenye majivu. Ulikuwa na haki ya kufunga kinywa. Mtoto wa miezi sita alijua chakula kilichooza, na baba yake mwenye kinyaa hakujua.

Siku ya nne au ya tano ya mapambano hayo shangazi yako alipita. Alinikuta na doa la buyi kwenye shati na kijiko mkononi, wewe unalia, mimi nimenuna. Alicheka sana. Akasema, "Mutoto hawezi kukushinda, weye mwanaume muzima. Shika miguu, utaona." Simlaumu Kahambu. Ndivyo alivyolelewa, ndivyo alivyowalea wake, na wako hai, wana watoto wao. Alikulaza mapajani. Akakunja kiganja chake chini ya mdomo wako kikawa kama bakuli, akamimina buyi humo mpaka ikafunika midomo, na kwa kidole akaziba pua. Mtoto akitaka pumzi hana budi ameze kwanza. Miguu yako ilikuwa inapiga. Nikaishika.

Nitakwambia ninachokichukia zaidi: nilifurahi. Bakuli zima liliisha kabla pasi yangu ya makaa haijapoa. Hakuna doa. Shangazi yako alikunawisha, akakuweka begani, ukalala kwa uchovu, nasi tukadhani ni shibe. Nilijisikia mtu mwenye akili. Jioni mama yako aliporudi alikuta termosi tupu, akaniuliza umekulaje, nikajibu umekula vizuri. Akafurahi, akanisifu. Nilikula sifa ile.

Baada ya hapo sikumngoja dada yangu. Nilijifunza kufanya peke yangu, miguu yako nimeibana katikati ya magoti yangu, namna ninavyobana kitambaa kizito nikitaka kukata. Unaona mtu alivyo? Mate yako nilikuwa nayaonea kinyaa, lakini kukuziba pua sikuonea. Mikono hii unayoijua, inayonawa kabla ya kugusa sindano, ilifanya kazi ile siku tatu kwa juma, na baadaye ikanawa.

Siku moja kulikuwa na mteja anangoja, mama mmoja aliyefuata gauni la bintiye. Nilikuwa na haraka. Ulikuwa tayari unalia nilipokulaza, nami sikungoja unyamaze. Nikamimina. Ulivuta pumzi ndefu ya kilio, na buyi ikafuata pumzi. Kilio kilikatika. Ukawa mweusi midomoni. Nilikuinua, nikakugeuza, nikakupiga mgongoni, ikatoka puani, nyeupe, nyingi, pamoja na makamasi, ikaniingia mikononi na kwenye mikono ya shati. Ukakohoa, ukalia tena. Yule mama alikuwa amesimama mlangoni. Aliutazama mkono wangu, akachukua gauni lake, akaenda, na hakurudi tena kushona kwangu.

Siku ya pili yake ulianza kuhema upesi upesi. Homa ikapanda. Mama yako na mimi tukakupeleka kituo cha afya. Muuguzi alikuwa mwanaume mmoja mzee, mpole, alikusikiliza kifua mbele na nyuma kwa muda mrefu. Kisha akaacha kukutazama wewe, akanitazama mimi. Akauliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayekupa nafasi, "Papa, munamunyweshaka na mukono?"

Nilijibu, "Hapana. Ni baridi tu. Mama yake anamunawishaka mangaribi."

Soma tena hapo, Masika. Sikuishia kwenye uongo. Niliutafutia mtu wa kuubeba, na mtu mwenyewe alikuwa amekaa kando yangu, amekushika. Ilikuwa kweli kwamba alikuwa anakuogesha akirudi kutoka Beni, kwa sababu alikuwa amekukosa mchana kutwa. Kwetu hapa mlimani kila kifua kinachouma kinasingiziwa baridi, nani angebisha? Muuguzi aliandika alichoandika. Mama yako aliinamisha kichwa. Hakujitetea hata kidogo. Aliniamini.

Ulilazwa pale siku nane. Dawa zilikusaidia, Mungu alitusaidia, ukapona. Lakini tangu siku ile mama yako hakukuogesha tena jua likielekea kuzama. Unazikumbuka zile kofia za sufu ulizokuwa unazichukia, mpaka shuleni, hata mwezi wa jua kali? Unakumbuka maji yalivyokuwa ya moto mpaka unalia? Mama yangu, Mungu amrehemu, alimsema kila sikukuu, kwamba ni mwanamke wa biashara asiyejua mtoto anashika baridi. Nilikuwa nakaa mezani palepale. Nilikuwa natafuna.

Na wewe ulibaki na chako. Siku ya ndoa yako mpiga picha alikunyanyua kidevu kwa vidole viwili ili uso upate mwanga, ukampiga mkono, kofi likasikika mpaka nje. Watu walicheka, wakasema bibi arusi mkali huyo. Ulicheka nao, ukasema hujui kwa nini, tangu zamani hupendi mtu akuguse hapo. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimevaa suti niliyojishonea mwenyewe na nilijiona nimevaa kitambaa kilichofutiwa jiko. Hata leo hunywi kitu kizito. Uji, mtindi, unaukataa kwa adabu, unasema tumbo. Si tumbo.

Sasa unielewe nilivyojisikia ulipomlaza Paluku. Niliona mapaja yako, kikombe cha shangazi, na vile visigino viwili vidogo vikinyooshwa kwangu nivishike. Kinyaa kilinipanda mpaka kwenye meno. Nilijionea kinyaa mimi mwenyewe. Lakini ulimi wa mwoga hutafuta mtu wa karibu, na wewe ulikuwa karibu, kama mama yako alivyokuwa karibu siku ile. Nimefanya jambo lile lile mara mbili maishani.

Labda utauliza, basi wewe ulianzaje kula? Si kwa akili yangu. Tulipotoka kituo cha afya ulikuwa unalia ukiona kijiko kwa mbali. Mama yako aliacha Beni kwa muda. Akaviweka vijiko kando. Alikuwa anakupakata tukikaa kula, sahani yake mbele yenu, na wewe ukitaka kutia mkono unatia. Uliponda maharage yaliyoiva, ulipaka mawese kichwani, ulishika kiazi ukakikamua kikatoka katikati ya vidole, ukaukuta mkono wako una ladha. Alikuwa anakupondea ndizi mbivu, siku nyingine avoka, kidogo tu, kiasi cha ncha ya kidole. Ukikataa, ameacha. Kesho anaweka tena kitu kile kile bila kukasirika. Kuna chakula ulikikataa siku kumi na siku ya kumi na moja ukakidai. Buyi yenyewe uliirudia, lakini nzito, mpya, yenye unga wa ndagala, wale dagaa wa kukausha, na uliila kwa mkono wako. Ziwa alikupa wakati wote, hakulitumia kukutisha. Na kila mwezi alikupeleka kupimwa uzito, akitetemeka, kwa sababu ya ile baridi yangu ya uongo.

Mimi sikuweza kutazama. Nitasema nini, nilikuwa nachukua sahani yangu nakwenda kula kwenye cherehani, nimewapa mgongo. Siku moja mama yako aliniita. Hakunigombeza. Alisema, "Mutoto hapana angalia kijiko. Anaangalia sura yako. Weye unakunja sura, yeye anafunga kinywa." Nilimjibu kwamba sura yangu ndivyo ilivyo. Nikaendelea kula peke yangu mpaka ulipojua kutumia mikono yako vizuri. Ulikuwa unanifuata kwa macho nikiondoka na sahani. Nilikuona.

Nina jambo moja jingine la kukwambia, la leo saa kumi. Wewe ulikuwa umeingia ndani na kilio chako. Kahambu alikuwa amekwenda zake, amekasirika. Mama yako alinipa Paluku nimshike aende kuanua nguo, akaniwekea na chakula changu, viazi na maharage. Nikamweka gotini. Sikuwa na mpango wowote. Alitia mkono katikati ya sahani mpaka kwenye kifundo. Mwili wangu wote ulitaka kuiondoa ile sahani. Nikauambia mwili utulie. Alinyonya ngumi yake, akakunja uso, akatoa ulimi, akatia mkono tena. Kuna kipande cha kiazi alikiingiza kinywani mwenyewe, akakizungusha, kisha akakisukuma nje. Nilinyoosha kiganja kikaangukia humo. Kilikuwa cha vuguvugu, kina mate, kina uzi wa maharage.

Na hapo akanitazama. Alikuwa anangoja kuona uso wangu utafanya nini.

Nilikitia kinywani nikakila. Nilijitahidi uso usikunje, na sidhani nilifaulu sana, lakini nilimeza. Yeye akafungua kinywa. Sijui kama alitaka kula au alikuwa anashangaa babu anakula uchafu. Nilimwekea kiazi kidogo kama punje ya mahindi, akakaa nacho muda mrefu, kikarudi nusu. Nusu nyingine sikuiona tena. Hiyo si shibe, najua. Mama mkwe wako hataiona shavuni kesho. Lakini iliingia bila kushikwa na mtu.

Niliiacha barua hapa kidogo nikaenda jikoni.

Nimemwambia mama yako. Nimemwambia yote, kikombe, magoti, muuguzi, na kwamba ni mimi niliyekuletea kile kifua. Nilidhani atalia au atanirushia kitu. Alikuwa anamenya viazi vyenu vya njiani, akaendelea kumenya mpaka kile alichoshika kikaisha. Kisha akasema, "Kumbe miaka yote ile weye ulikuwa unaniangalia tu." Nikasema ndiyo. Akasema niondoke jikoni. Nimeondoka. Kesho asubuhi ukiona hasemi nami, usijaribu kutupatanisha. Mwache aseme nami siku atakayotaka, au asiseme.

Mwanangu, sina haki ya kukupa amri, nami si mtu wa kuigwa kwenye jambo hili. Nakuomba tu. Utafika Mutwanga, na watakuja wanawake wenye mapenzi mema na vikombe vyao, maana huko pia wapo, na mama mkwe wako ataona haya mbele ya majirani kwa ajili ya mtoto asiyekula. Ukimkatalia yeye utaitwa mwenye kiburi, na wewe ni mgeni, huna ubavu wa kubishana. Kamwe usibishane. Kama Paluku anapungua, au anakataa hata ziwa, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, na ukiulizwa swali na muuguzi, jibu lile lililo la kweli hata kama linakuaibisha. Lakini mtu akitaka kumlaza na kumziba pua, awe mama mkwe, awe shangazi, awe nani, toa barua hii. Waambie ni ya babu yake. Isomeni kwa sauti, nyumba nzima isikie, na majirani wakipenda. Hata wakinicheka mimi, hata wakinidharau siku nitakayokuja kuwatembelea, waache. Hiyo nitaiweza.

Nimeiandika kwa herufi kubwa makusudi, na jina langu nimeliweka wazi.

Baba yako,
Kambale, fundi wa nguo, Butembo